Kioo cha dirisha, chupa ya siro na koltani: kazi ya oksidi za metali

Katika farmasi za Baraka, siro nyingi zinafika ndani ya chupa za rangi ya kahawa. Kioo cha dirisha, ukikitazama kwa ubavu, kinaonekana kijani. Kioo kinachofunika pano za sola juu ya mabati ya nyumba ni cheupe kabisa. Vyote vitatu vimetoka kwa mchanga. Kinachovitofautisha ni oksidi za metali, ni kusema metali iliyoshikamana na oksijeni. Kutu ya chuma ni mfano ambao kila mtu anaujua.

Mchanga safi unaitwa silika. Ndani ya kioo, silika inajipanga sawa na wavu wa wavuvi wa ndakala: kila fundo ni silikoni, na uzi unaofunga fundo kwa fundo ni oksijeni. Wavu huo ni mgumu sana; kuuyeyusha kunaomba joto la digrii 1,700 hivi. Ndiyo maana viwanda vinaongeza magadi, yenye kuleta oksidi ya sodiamu. Sodiamu inakata baadhi ya nyuzi, wavu unalegea, na tanuru ya digrii 1,500 hivi inatosha.

Lakini kioo cha mchanga na magadi peke yake kina ubaya mmoja: kinaweza kuyeyuka ndani ya maji. Juu ya hiyo wanatia chokaa. Oksidi ya kalisiamu inakaza sehemu zilizolegea, na chupa inaweza kubeba maji, bia ao mafuta kwa miaka mingi.

Kuhusu rangi, kipimo kinachohitajika ni kidogo sana. Kioo cha kawaida cha dirisha kina karibu gramu 1 ya oksidi ya chuma ndani ya kilo 1. Gramu hiyo moja ndiyo inaleta ule ukijani wa ubavuni, na inameza sehemu ya mwanga wa jua. Kioo cha dirisha chenye unene wa milimita 4 kinapitisha karibu asilimia 83 ya nguvu ya jua. Kioo cha pano, ambacho kimepunguziwa chuma, kinafika karibu asilimia 91. Basi, mtu akifunika pano iliyopasuka kwa kioo cha dirisha, betri itachelewa kujaa hata kama jua ni kali. Tena, maji yakiisha kuingia ndani ya pano, kioo cha juu hakiponyeshi kitu.

Kwa chupa ya siro, chuma kinafanya kazi nzuri. Kikikutana na salfa ndani ya tanuru, kinatoa rangi ya kahawa yenye kuzuia mwanga wa buluu na ule wa urujuani usioonekana kwa macho. Mwanga huo unaharibu dawa mbalimbali, na pia vitamini B2. Kwa hiyo dawa iliyotoka kiwandani ndani ya chupa ya kahawa haifai kuhamishwa ndani ya chupa nyeupe. Lakini rangi haizuii joto: chupa ya kahawa iliyoachwa juani itapata moto sawa na nyingine, na dawa inaweza kuharibika vilevile.

Madini ya Kongo nayo yamo katika kazi hii. Kobalti ya Katanga, hata ikitiwa kidogo sana, inageuza kioo kuwa buluu nzito. Kasiterite ya Kivu inatoa bati, lile ambalo mafundi wa redio wanatumia kuunga nyaya. Viwanda vya vioo vya dirisha vinamwaga kioo cha moto juu ya bati lililoyeyuka ili kitoke laini pande zote mbili.

Koltani inabeba oksidi ya tantali. Sehemu kubwa ya tantali inaenda katika vipande vidogo vya umeme ndani ya simu na kompyuta. Sehemu nyingine inatiwa ndani ya vioo vya kamera. Atomu zake ni nzito, zinapinda mwanga kwa nguvu bila kutia kioo rangi, na kwa hiyo lenzi inaweza kuwa nyembamba zaidi.

Hapo ndipo neno oksidi linagusa mufuko wa mchimbaji. Katika soko la dunia, koltani inalipwa kufuatana na oksidi ya tantali iliyomo, si uzito wa gunia tu. Kilo 100 zenye asilimia 30 zina kilo 30 za oksidi. Kilo 100 zenye asilimia 20 zina kilo 20. Kwenye mizani, magunia hayo mawili ni sawasawa. Mwenye kuuza bila kuuliza asilimia anaweza kupokea bei ya gunia la pili wakati ametoa la kwanza.