Oksijeni Nyingi Si Dawa kwa Kila Mgonjwa

Akina mama wengi tunapomuuguza baba au mama mkwe mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, tukimwona anahema kwa shida tunamsihi muuguzi: "Sista, mwongezee oksijeni!" Wengine hunyosha mkono wakaifungulia wenyewe. Nia ni njema, lakini tendo hilo laweza kumdhuru mgonjwa.

Kwa nini?

Mapafu huingiza oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi, yaani hewa chafu ya mwili. Mapafu yaliyoharibiwa na sigara, au na moshi wa kuni tunaouvuta jikoni miaka nenda miaka rudi, huweza kushindwa kazi hiyo ya pili. Hewa chafu hubaki katika damu, na oksijeni ikizidi, nayo huongezeka. Mgonjwa huumwa kichwa, husinzia, huchanganyikiwa, hata kupoteza fahamu. Ndiyo maana kwake kipimo cha kidoleni hulengwa kati ya asilimia 88 na 92, si 100. Utafiti wa Tasmania, Australia, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa waliopewa oksijeni kwa kipimo walikufa wachache kuliko waliopewa nyingi.

Mashine ya hewa ya kasi

Baadhi ya hospitali kubwa zina mashine inayopeleka hewa puani kwa kasi, hata lita 60 kwa dakika. Usishtuke: kasi ya hewa si wingi wa oksijeni. Mashine huchanganya oksijeni na hewa ya kawaida kwa kiwango alichopanga daktari, huipasha joto na kuitia unyevu ili makohozi yalainike. Mkondo huo hufagia hewa chafu iliyobaki puani na kooni, na mgonjwa hupumua kwa nafuu.

Lakini hewa chafu ikizidi hata damu ikawa na asidi, kwa kawaida hutangulizwa barakoa inayosukuma hewa. Mirija ya puani humsaidia anapopumzishwa barakoa, au akishindwa kuivumilia.

Wajibu wako

Usiongeze oksijeni, wala usiiondoe. Kumkatia ghafla nako ni hatari. Mgonjwa aliyekuwa akihangaika akitulia na kusinzia, usifurahi upesi kwamba amepata usingizi. Mwamshe. Asipoitika vizuri, mwite muuguzi papo hapo, hata kama ni usiku wa manane. Hutakuwa unamsumbua.