Vinara wa Kuzima Analojia

Kuwasha mtambo wa dijitali kunataka fedha na mafundi. Kuzima wa analojia kunataka moyo, maana kesho yake asubuhi kuna nyumba itakayowasha televisheni ikute weusi mtupu. Ndiyo maana rekodi za kuzima zinanivutia kuliko za kuwasha.

Nchi iliyotangulia kuzima kabisa ni Luxembourg, Septemba 1, 2006, ikafuatwa na Uholanzi Desemba mwaka huohuo. Heko kwao, ila tusiwapambe mno: kaya nyingi huko zilikwishazoea kupata picha kwa waya, hivyo waliosumbuka walikuwa wachache. Kwa miji mikubwa taji ni la Berlin, iliyomaliza kazi Agosti 2003.

Kuwasha nako kuna vinara wake. Kwenye HD, yaani picha ya ubora wa juu, kinara wa vituo vya biashara Marekani hakutoka New York wala Los Angeles. Ni WRAL, kituo cha mji wa Raleigh, North Carolina, kilichorusha HD kuanzia Julai 23, 1996. Watazamaji? Karibu hakuna, kwa kuwa seti za HD zilianza kuuzwa madukani Marekani mwaka 1998. Miaka miwili kituo kinarusha picha safi ambayo mwenye kuiona ni fundi wake mwenyewe! Wajapani nao walikuwa mbali zaidi: NHK ilianza utafiti wa picha ya namna hiyo mwaka 1964, ikairusha kwa analojia miaka mingi. Hata hivyo Japani ilizima analojia Julai 24, 2011, nyuma ya wengi, na mikoa ya Iwate, Miyagi na Fukushima iliyopigwa na tetemeko na tsunami ikaongezewa muda hadi Machi 31, 2012.

Kwenye dijitali na HD wauzaji wa seti wametuchanganya sana. Dijitali si lazima iwe HD. Picha ya HD kamili ina nukta 1,920 kwa 1,080, takriban mara tano ya picha ya kawaida ya 720 kwa 576, kwa hiyo inakula nafasi kubwa ya masafa. Masafa yaliyobeba chaneli moja ya analojia yanaweza kubeba zaidi ya kumi za dijitali za kawaida, au chache tu za HD. Mwenye mtambo huchagua: chaneli nyingi au picha safi. Kwetu wengi walianza na wingi, na mtu aliyenunua seti bapa ya bei mbaya akabaki kutazama picha ileile aliyoiona kwenye seti ya chogo, tofauti ikiwa chenga zimeondoka.

Turudi kwenye kuzima. Sababu ya ajabu kuliko zote ya kuzima mapema ni ya Hawaii. Huko walizima Januari 15, 2009, mwezi mzima kabla ya tarehe ya taifa, ili minara ya zamani kwenye mlima Haleakalā ing'olewe kabla ndege adimu wa baharini hawajaanza kutaga. Ndege waliheshimiwa, watu wa bara wakaahirishiwa kutoka Februari 17 hadi Juni 12, kwa kuwa fedha za vocha za ving'amuzi ziliisha na kaya nyingi zilikuwa hazijajiandaa.

Afrika Mashariki, aliyetangulia kuzima ni Tanzania. Saa sita usiku wa Desemba 31, 2012, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima Dar es Salaam, kisha ikaenda mji kwa mji: Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi, Mbeya. Nasema bila kuona haya kwamba mpango huo wa hatua kwa hatua ulikuwa wa busara, ingawa kelele za ving'amuzi zilikuwa nyingi na kampuni zikawa kila moja na king'amuzi chake.

Kwa zogo, Kenya haina mpinzani. Februari 14, 2015, mitambo ya analojia ilipozimwa Nairobi, Citizen, NTV, KTN na QTV zilitoweka hewani. Wamiliki wake walitaka kusambaza mawimbi yao wenyewe, si kupitia kampuni za usambazaji, Signet ya KBC wala PANG ya Wachina, na kesi ilikwishafika Mahakama ya Juu. Zilirejea mwanzoni mwa Machi, baada ya siku 19. Sijui nchi nyingine ambayo vituo vinavyotazamwa zaidi vilikaa kimya muda wote huo kwa ajili ya dijitali.

Na mshindi wa kuahirisha? Mkataba wa Geneva wa 2006 uliweka Juni 17, 2015 kuwa mwisho kwa sehemu kubwa ya Afrika. Afrika Kusini, tajiri kuliko majirani zake wengi, ilikuwa imejipangia Novemba 2011. Tarehe hiyo ikapita, zikapita na nyingine nyingi, hadi ikawekwa Machi 31, 2025. Siku chache kabla, kituo binafsi cha e.tv kilikwenda mahakamani Pretoria na kupata zuio, kikidai kwamba kaya nyingi maskini bado zingeachwa bila picha.