Udongo na Maji: Mambo ya Kupima Kabla ya Kuchimba Karo la Choo

Mtu ajengaye nyumba kisiwani Unguja siku hizi hupenda kuwa na choo cha maji na karo lake. Jambo hilo ni jema. Lakini wengi hudhani kwamba karo ndilo lisafishalo uchafu, sivyo. Karo hutuamisha mashapo tu, na maji yatokayo humo kwenda shimo la kunyonyea yangali na vijidudu vya maradhi. Kisafishacho ni udongo, maana maji yapitapo polepole katika udongo usiojaa maji, vijidudu vingi hunaswa humo na kufa. Udongo usipofaa, uchafu hufika kisimani. Kipindupindu kilichoingia Unguja mwaka 1869 kiliua maelfu ya watu, na ugonjwa huo huenea kwa maji yaliyochafuliwa hivyo. Basi, kabla ya kumwita fundi, pima mambo haya matatu.

1. Aina ya udongo. Kichanga na kinongo chenye kina kirefu kwa kawaida hufaa. Kinamo, udongo mzito wa mabondeni, hushika maji, na karo hufurika wakati wa masika. Uwandani mna udongo kidogo juu ya mawe ya matumbawe yenye nyufa, na hapo ndipo watu wadanganyikapo. Nalimsikia mzee mmoja akijisifu kwamba shimo lake halikujaa kwa miaka kumi. Nikamwuliza, "Maji yake yaenda wapi, mzee wangu?" Akanyamaza, akageuka kukitazama kisima chake. Shimo lisilojaa kamwe si dalili ya udongo mwema. Huenda maji yapita nyufani pasipo kusafishwa.

2. Mwendo wa maji. Chimba shimo jembamba, upana wake futi 1, hata kufikia kina cha shimo la kunyonyea. Lijaze maji, uliache usiku kucha ili udongo ulowane. Kesho yake tia maji ya inchi 6, simamisha kijiti chenye alama, utazame saa. Maji yakishuka inchi 1 kwa muda usiopungua dakika 1 wala kuzidi dakika 60, udongo wafaa. Yakishuka upesi kuliko hivyo, hayatasafishwa. Yakikawia zaidi, yatafurika uani.

3. Kimo cha maji ya chini. Usipime wakati wa kiangazi tu. Tazama visima vya jirani mwishoni mwa masika, na karibu na pwani tazama wakati wa bamvua, kwa kuwa huko maji ya visima hupanda na kushuka pamoja na bahari. Udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu waonyesha kwamba maji hukaa hapo wakati wa mvua, ijapokuwa sasa ni pakavu. Kitako cha shimo yapasa kiwe juu ya maji hayo kwa futi 5 au zaidi, hata yapandapo kabisa.

Kisha pima umbali. Shimo liwe mbali na kisima chako na cha jirani yako kwa futi 100 au zaidi, nalo liwe upande wa chini wa mteremko. Lakini penye matumbawe umbali huo hautoshi kukupa amani, maana maji yapitayo nyufani husafiri mbali na kwa upesi.

Mahali pasipofaa, usilazimishe. Jenga tangi lisilovuja, likomolewe kila lijaapo; au maji yake yapitishwe katika tuta la mchanga lililoinuliwa juu ya ardhi. Wala usitegemee kuchemsha maji peke yake. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi nitrati itokanayo na uchafu wa choo, nayo ni hatari kwa watoto wachanga wanaopewa maziwa yaliyokorogwa kwa maji hayo.

Kupima kwataka jembe, kijiti, saa, na subira ya siku mbili. Kisima kikiisha kuharibika, hakitengenezeki kwa siku mbili, na wakinywao si watu wa nyumba yako tu.