Je, Wajua? Mizani Kwenye Lango la Gereza

Je, wajua kwamba kulikuwa na jimbo Marekani ambalo sheria yake ilitaja hadi urefu ambao askari magereza hakuruhusiwa kuuzidi? Ni Alabama, miaka ya 1970. Mwombaji asipungue futi 5 na inchi 2, wala asizidi futi 6 na inchi 10. Kwenye mizani asipungue ratili 120, ambazo ni kilo 54 na ushei, wala asizidi ratili 300. Umri uwe umefika miaka 20 na nusu na usiwe umevuka 45. Awe na elimu ya sekondari na leseni ya udereva. Kijana wa kwetu aliyewahi kusimama uwanjani alfajiri siku ya usaili, viatu mkononi, akisubiri kuegemezwa kwenye kipimo cha urefu, anaijua hofu ya saa ile: matumaini ya nyumba nzima yananing'inia kwenye sentimita moja.

Aliyekwama kwenye mizani ya Alabama ni Dianne Rawlinson. Alikuwa na miaka 22, ametoka chuo kikuu, na somo lake kuu lilikuwa saikolojia ya kurekebisha wafungwa. Alikuwa ameisomea kazi yenyewe. Akaomba, akakataliwa, na sababu ilikuwa moja tu: hakufika ratili 120. Akapeleka malalamiko kwenye tume ya serikali kuu inayosimamia usawa wa ajira, kisha akaenda mahakamani, si kwa ajili yake peke yake bali kwa niaba ya wanawake wote waliokwama kama yeye.

Je, wajua kwa nini kesi hiyo inaitwa Dothard dhidi ya Rawlinson, ilhali Dothard hakuwa mkuu wa magereza? Alikuwa mkurugenzi wa idara ya usalama wa umma ya Alabama, yenye polisi wa barabara kuu. Kulikuwa na mwanamke wa pili, aliyetaka kuwa polisi wa jimbo, naye akakuta kipimo kirefu zaidi: futi 5 na inchi 9, ratili 160. Malalamiko yao yakasikilizwa pamoja mbele ya jopo la majaji watatu, na jina la mkubwa wa polisi likabaki juu ya jalada hata shauri la magereza lilipopanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Hukumu ilisomwa tarehe 27 Juni 1977.

Hesabu zilizowekwa mbele ya majaji zilikuwa nzito. Sharti la urefu peke yake liliwafungia mlango wanawake 33 katika kila 100. Sharti la uzito liliwafungia 22. Ukiyaweka yote mawili pamoja, asilimia 41.13 ya wanawake wa Marekani walibaki nje, na kwa wanaume haikufika hata asilimia 1. Sheria yenyewe haikutaja mwanamke popote. Karani angeisoma mara kumi asione neno la ubaguzi ndani yake.

Alabama ikajitetea kwa hoja mbili. Ya kwanza, kwamba hizo ni takwimu za nchi nzima, hazionyeshi ni wanawake wangapi hasa walioomba kazi wakarudishwa. Jibu la mahakama linanigusa kila ninapolifikiria. Majaji walisema orodha ya walioomba haiwezi kuwa ushahidi kamili, kwa sababu mtu anayejua kimo chake hakifiki, haendi. Anabaki nyumbani. Jina lake haliingii kwenye daftari lolote, wala hahesabiwi miongoni mwa walioumizwa. Ni wangapi katika vijiji vyetu wamesoma tangazo la ajira ubaoni, wakajitazama, wakageuka na kuondoka?

Hoja ya pili ilikuwa nguvu. Jimbo lilidai kimo na uzito vina uhusiano na nguvu ambazo mlinzi wa wafungwa hana budi kuwa nazo. Hapo Jaji Potter Stewart, aliyeandika hukumu, alitoa jibu ambalo kwangu ndilo kiini cha mambo yote haya: kama kinachotakiwa ni nguvu, basi pimeni nguvu. Mpeni mwombaji jaribio la kazi, la haki na linalowahusu wote sawasawa. Alabama haikuleta ushahidi wowote wa kuunganisha ratili 120 na kazi ya kutunza amani ya gereza. Masharti ya urefu na uzito yakaanguka kwa kura 8 dhidi ya 1.

Je, wajua kwamba hoja hii ilikuwa na mizizi katika hadithi ya wanyama? Miaka sita kabla, mwaka 1971, mahakama hiyohiyo ilikuwa imeamua kesi ya Griggs dhidi ya kampuni ya umeme ya Duke Power huko North Carolina. Kampuni ilidai cheti cha sekondari na mitihani ya akili hata kwa kazi zisizohitaji mambo hayo, na waliofungiwa nje wengi wao walikuwa Wamarekani weusi. Jaji Mkuu Warren Burger alikumbusha ngano ya kale ya mbweha na korongo walioandaliwa maziwa. Haitoshi kusema wote wamekaribishwa. Tazama na chombo: kwenye sahani bapa korongo hanywi, na kwenye mtungi wa shingo nyembamba mbweha hapati kitu. Sisi tuliolelewa kwa hadithi za sungura na fisi hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Sasa njoo kwenye sehemu chungu. Rawlinson alishinda mizani, lakini hakushinda lango. Kesi ikiwa bado inaendelea, bodi ya magereza ya Alabama ilitoa kanuni mpya, Kanuni namba 204. Ilisema kwamba katika magereza ya ulinzi mkali, lindo lolote linalomweka askari karibu na wafungwa muda wote lishikwe na askari wa jinsia moja na wafungwa hao. Jimbo lilikuwa na nafasi 435 za askari magereza, na 336 kati ya hizo zilikuwa katika magereza manne ya wanaume yenye ulinzi mkali. Kwa hiyo mwanamke alibaki akigombea takriban robo tu ya kazi zote. Rawlinson akaiongeza kanuni hiyo kwenye malalamiko yake.

Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza kumnyima mtu kazi kwa sababu ya jinsia, lakini imeacha upenyo mmoja mwembamba: pale ambapo jinsia ni sifa ambayo kazi yenyewe haiwezi kufanyika bila hiyo. Mahakama ilikiri kwamba upenyo huo ni mwembamba mno, kisha ikaipitisha Alabama hapohapo. Kwa nini? Kwa sababu ya hali ya magereza yake. Mwaka 1976 Jaji Frank Johnson wa mahakama ya shirikisho alikuwa ametamka kwamba magereza ya Alabama yanavunja katiba. Yalijaa kupita kiasi, askari walikuwa wachache, vurugu zilitapakaa. Wafungwa walilala mabwenini, na wale waliofungwa kwa makosa ya ngono, waliokadiriwa kuwa asilimia 20, walichanganywa ovyo na wengine. Katika mazingira hayo, majaji wengi walisema, mwanamke angeshambuliwa kwa sababu tu ni mwanamke, na usalama wa gereza lote ungetikisika.

Jaji Thurgood Marshall hakukubali. Huyu ndiye mwanasheria aliyeshinda kesi iliyovunja ubaguzi katika shule za Marekani mwaka 1954, na ndiye aliyekwenda London mwaka 1960 kuwashauri viongozi wa Kenya katika mazungumzo ya katiba ya uhuru. Akiungwa mkono na Jaji William Brennan, aliandika kwamba jimbo limeyaacha magereza yake yaoze kinyume cha katiba, kisha linautumia uozo huohuo kuwanyima wanawake kazi. Hatari, alisema, inamkabili kila askari, mwanamume na mwanamke. Mfungwa akimshambulia askari, anayepaswa kuadhibiwa ni mfungwa. Usimwondoe mwanamke kazini kwa kosa ambalo hajatenda.

Nasimama na Marshall, na sioni haya kusema hivyo. Kumwambia binti aliyesoma kwamba mwili wake ndio utakaoleta fujo ni kumtwisha mzigo wa aliyeshindwa kulipanga gereza: kuajiri askari wa kutosha, kutenganisha wafungwa hatari na wengine, kupunguza msongamano.

Je, wajua kwamba upenyo uliofunguliwa Alabama haukupanuka kama wengi walivyoogopa? Mwanamke mwingine aitwaye Gunther alizuiwa kupanda cheo katika gereza la wanaume la Anamosa, jimboni Iowa. Wakuu wa gereza walikimbilia hukumu ya Alabama. Mwaka 1980 mahakama ya rufaa ikawajibu kwamba Anamosa si Alabama. Gereza lao halikuwa limeoza kiasi kile, na kazi ingeweza kupangwa ili wanawake wafanye nao. Baada ya hapo ikawa vigumu kwa gereza la wanaume kumfungia mwanamke lango kwa jumla.

Kisha upepo ukageuka, na waliokwenda mahakamani wakawa wanaume.

Huko Wisconsin, katika gereza la wanawake la Taycheedah, uongozi uliamua kwamba nafasi nyingi za askari wa mabwenini zishikwe na wanawake. Sababu haikuwa ulinzi peke yake. Wafungwa wengi pale walikuwa wamepigwa na kunyanyaswa na wanaume kabla ya kufungwa, na mkuu wa gereza aliamini hawatapona wakiendelea kuishi chini ya mamlaka ya wanaume. Askari watatu wa kiume wakashtaki. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa, majaji wote wakiwa wameketi, ilisema kumrekebisha mfungwa ni sehemu halali ya kazi ya gereza, na uamuzi wa mkuu mwenye uzoefu usitupwe kwa kuwa tu hana utafiti wa kitaalamu wa kuuthibitisha. Shauri likarudishwa chini lisikilizwe upya.

Michigan ilikwenda mbali zaidi. Baada ya kashfa za askari kuwadhulumu wafungwa wanawake kingono, na kesi zilizofuata, jimbo lilitenga nafasi zipatazo 250 katika mabweni ya magereza ya wanawake kwa askari wa kike tu. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ikaikubali hatua hiyo, kwa kuwa madhara yalikuwa yameonekana na yalikuwa makubwa.

Lakini Nevada ilikosa shabaha. Kule mfungwa alipata mimba ya askari, na jimbo, likitaka kurekebisha mambo, likaamua kwamba vyeo vitatu vya luteni katika gereza la wanawake vishikwe na wanawake peke yao. Luteni ni msimamizi, hakai bwenini usiku kucha. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ilikataa: kudhani kila mwanamume ni mdhalimu, au kwamba kila mwanamke ana subira na jicho la kumgundua mdhalimu, ni kuajiri kwa dhana tu. Ukisoma kesi ya Michigan na ya Nevada sambamba unaona tofauti yake ilipo. Michigan ililinda mahali ambapo mfungwa analala, anaoga na kubadilisha nguo. Nevada ililinda cheo.

Ulaya nayo imepita njia hiyo. Mwaka 1988 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kesi ya Tume ya Ulaya dhidi ya Ufaransa, iliyokuwa ikiwaajiri askari magereza kwa orodha mbili, ya wanaume na ya wanawake. Kwa magereza, Ufaransa ilipona. Kwa polisi ilishindwa, maana haikueleza wazi ni kazi zipi hasa zinahitaji jinsia fulani. Na mwaka 2017 mahakama hiyo ilisikiliza shauri la mwanamke wa Ugiriki aliyenyimwa nafasi katika chuo cha polisi kwa kuwa na urefu wa mita 1.68 badala ya 1.70, kipimo kimoja kwa wote. Majaji walibaini kwamba jeshi la nchi hiyohiyo liliwapokea wanawake wa mita 1.60.

Kwa upande wa wafungwa wenyewe, kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatunza, zilizopewa jina la Nelson Mandela mwaka 2015, zinasema wanawake walindwe na askari wanawake, na afisa mwanamume asiingie sehemu yao bila kuandamana na mwanamke. Kanuni hizo zinaacha mlango kwa daktari na mwalimu wa kiume.

Je, wajua kwamba katika gereza la wanawake la Bedford Hills, New York, mgogoro wa namna hii ulimalizwa kwa nguo za kulalia? Wafungwa walilalamika kwamba askari wa kiume wa zamu ya usiku huwaona wakiwa wamelala bila stara. Jaji wa kwanza aliwaondoa wanaume kwenye zamu hiyo. Mwaka 1980 mahakama ya rufaa iliwarudisha, ila kwa masharti ya kusitiri. Kila mwanamke apewe vazi la usiku linalofaa, na mchana awe na haki ya kuziba kidirisha cha mlango wa selo yake kwa dakika 15 anapotaka kuvaa au kujisaidia. Askari akabaki na kazi yake, na mfungwa akapata dakika 15 ambazo hakuna jicho lililomtazama.