Maji Safi, Lakini Chombo Je?

Akina mama wenzetu, kwetu Mkwaja, pwani ya Tanga upande wa Saadani, maji ya kunywa hayaji bila jasho. Tunayabeba kichwani, tunayachuja kwa kitambaa, tunayachemsha kwa kuni tulizookota wenyewe. Baada ya taabu yote hiyo mtoto akiharisha, tunashangaa: "Mbona maji tulichemsha?"

Ndivyo yalivyotupata sisi. Maji yetu yaliyochemshwa yalikaa katika ndoo pana, kikombe kimoja juu ya kifuniko. Kitindamimba wetu alipoharisha siku tatu mfululizo, muuguzi alituuliza, "Mama, hayo maji nyumbani mnayachota kwa chombo gani?" Tuliona haya, maana kila mtoto aliyetoka kucheza alitumbukiza kikombe pamoja na vidole vyake.

Kuchemsha huua vijidudu vilivyomo ndani ya maji, lakini hakuzuii vile vitakavyoingia baadaye. Na katika nchi yetu, iliyoona kipindupindu kikizuka Agosti 2015 na kuenea mikoa mingi, hilo si jambo dogo. Chombo bora, basi, ni kile ambacho mkono hauingii.

Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 1993, katika kambi ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, baadhi ya familia zilipewa ndoo za lita 20 zenye kifuniko na mdomo mdogo wa kumiminia. Wengine waliendelea na ndoo zao za kawaida. Kwa wale waliopata ndoo mpya, kuharisha kwa watoto wa chini ya miaka 5 kulipungua kwa asilimia 31.

Sasa tuchague vipi?

Mtungi. Wakati wa joto la kaskazi hakuna maji yanayoshinda ya mtungi kwa ubaridi. Ila mdomo wake ni mpana, na kata huingia na kutoka kutwa nzima. Huko Homa Bay, Kenya, ilitengenezwa mitungi yenye mdomo mwembamba, kifuniko na bomba dogo chini. Mwenye mtungi wa kawaida atumie kata yenye mpini mrefu, aitundike ukutani, na mtu mzima ndiye achote. Anayetumia dawa ya klorini ajue kuwa udongo hupunguza nguvu ya dawa upesi. Maji hayo yakae kwenye plastiki.

Dumu. Dumu lililokuwa na mafuta ya kula lina mdomo mwembamba, mkono haupiti. Taabu yake ni kulisafisha. Tutie maji, sabuni na changarawe safi, tutikise kwa nguvu, kisha tusuuze mpaka sabuni iishe. Lililokuwa na dawa ya shamba, rangi au mafuta ya taa tusilitumie kamwe. Maji ya moto yapoe kwanza kwenye sufuria iliyofunikwa ndipo tuyamimine. Tena dumu la kuchotea kisimani lisiwe la kuhifadhia.

Ndoo yenye kifuniko na bomba. Hii ndiyo tunayoipendelea. Fundi anaweza kutoboa ndoo ya kawaida na kufunga bomba. Iwekwe juu ya kigoda, kivulini, mbali na kuku. Tuioshe kila inapokwisha, wala tusiongeze maji mapya juu ya masalio. Na bomba nalo lisuguliwe, kwani hushikwa na mikono mingi.

Sisi tuliibadili ndoo yetu ileile pana. Watoto bado wanamwaga maji sakafuni na vikombe bado vinapotea, lakini vidole havigusi tena maji ya kunywa. Mama mwenzetu, jioni ya leo, kabla hujawasha moto wa kuchemshia, kitazame kwanza chombo yatakamokaa maji hayo. Kinga ni bora kuliko tiba.