Mapafu ya Mtoto Njiti

Mtoto njiti ni yule anayezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 walizaliwa njiti milioni 13.4, karibu mmoja katika kila watoto kumi. Aliyefikisha wiki 35 mara nyingi anahitaji joto, maziwa na uangalizi wa karibu tu. Aliyezaliwa chini ya wiki 32 karibu kila mara hupelekwa wodi ya watoto wachanga mahututi, na huko wazazi wake hushinda wiki kadhaa, pengine miezi, wakifuatilia tarakimu ambazo hakuna aliyewahi kuwafundisha kuzisoma.

Tarakimu ya kwanza wanayoizoea ni ya oksijeni ya damu. Mguuni mwa mtoto hufungwa kifaa kidogo kinachopitisha mwanga mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho. Damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa hufyonza mianga hiyo miwili kwa viwango tofauti, na monita hupiga hesabu kutokana na tofauti hiyo. Njiti anayepewa oksijeni hulengwa abaki kati ya asilimia 90 na 95. Mzazi akiona 92 hushtuka, akidhani mtoto amepungukiwa na nane, kumbe 92 ndiyo inayotakiwa. Oksijeni ikizidi huharibu mishipa ya damu ya macho, ambayo kwa njiti bado inakua. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, maelfu ya watoto katika nchi tajiri walipofuka kwa kupewa oksijeni nyingi bila kipimo, hadi chanzo kilipogunduliwa.

Tarakimu hiyo hupanda na kushuka kufuatana na mapafu, na habari za mapafu ya njiti zinastahili kuelezwa polepole kuliko nyingine zote.

Hewa inayovutwa huishia kwenye vifuko vidogo mno, na ukuta wa kila kifuko umelowa maji kwa ndani. Ugumu wa kuvifungua vifuko hivyo anaufahamu mtu yeyote aliyewahi kupuliza puto. Pumzi ya kwanza ndiyo ngumu: mashavu yanavimba, masikio yanaziba, na puto halijatikisika. Likishaanza kufunguka, pumzi zinazofuata huingia kwa wepesi. Ndiyo maana mpulizaji mzoefu haliachi puto lisinyae. Hulibana mdomo kwa vidole huku akivuta pumzi nyingine. Na maputo mawili, dogo na kubwa, yakiunganishwa kwa mrija, mara nyingi lile dogo humimina hewa yake ndani ya lile kubwa, likabaki limenywea. Kadiri duara linavyokuwa dogo ndivyo linavyodai mgandamizo mkubwa zaidi ili libaki wazi. Kanuni hiyo hubeba jina la mwanahisabati Mfaransa Pierre-Simon Laplace, aliyeiandika mwanzoni mwa karne ya 19 bila kuwa na habari yoyote ya watoto wachanga. Kwa mujibu wake, mapafu yenye mamilioni ya vifuko vya ukubwa mbalimbali, vyote vimeunganishwa kwa mirija, yangepaswa kuanguka kila mtu anapotoa pumzi: vidogo vikijimimina kwenye vikubwa, na kila pumzi ikawa pumzi ya kwanza ya puto. Mtoto mchanga hupumua mara 40 hadi 60 kwa dakika. Njiti wa kilo moja hawezi kufungua puto jipya mara 60 kwa dakika, usiku na mchana.

Kinachobana puto ni mpira wake. Kinachobana kifuko cha hewa, kwa sehemu kubwa, ni yale maji. Molekuli za maji zilizo juu kabisa, mpakani na hewa, huvutana zenyewe kwa zenyewe, na mvutano huo hujaribu kuupunguza uso wa maji kila upande. Mwaka 1929 mtafiti Kurt von Neergaard, akifanya kazi Uswisi, aliyajaza mapafu ya nguruwe kwanza kwa hewa, kisha kwa kimiminika. Yaliyojazwa kimiminika yalifunguka kwa mgandamizo mdogo zaidi, kwa kuwa mpaka wa maji na hewa haukuwepo tena. Alitambua hata kwamba jambo hilo huenda linawahusu watoto wachanga wanaoshindwa kupumua, lakini kwa zaidi ya miaka 20 karibu hakuna aliyemsikiliza.

Mwili una jawabu lake, nalo ni safaktanti: mchanganyiko wa mafuta, pamoja na protini kidogo, unaotengenezwa na seli maalumu za ukutani mwa vifuko. Kila molekuli ya mafuta hayo ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Ikifika juu ya maji huzamisha kichwa na kuisimamisha mikia hewani, ikiwa imejipenyeza katikati ya molekuli za maji na kuzizuia zisivutane. Hadi hapo, sabuni nayo hufanya vivyo hivyo. Ajabu ya safaktanti huanza mtu anapotoa pumzi. Kifuko kinaposinyaa, uso wake hupungua, lakini molekuli za mafuta ni zilezile. Basi husongamana bega kwa bega, zikiyasukuma maji nje ya uso, na mvutano hushuka hadi karibu na sifuri. Kifuko kikipanuka, molekuli huachana na mvutano hurudi juu. Yaani kinga huongezeka katika sekunde ileile ambayo udogo wa kifuko unaongeza hatari, bila amri ya ubongo, bila mshipa wowote wa fahamu. Kifuko kidogo hakimimini tena hewa yake kwenye kikubwa, na mwisho wa kila pumzi hubaki hewa ndani, tayari kwa pumzi inayofuata. Katika mwili mzima wa binadamu ni vigumu kupata kazi kubwa kiasi hicho inayofanywa na utando mwembamba kiasi hicho.

Seli hizo huanza kutengeneza safaktanti karibu na wiki ya 24 ya mimba, na ya kutosha hupatikana karibu na wiki ya 34 au 35. Anayezaliwa katikati huja na pungufu. Dalili huonekana ndani ya saa chache: pua zinapanuka, kifua kinabonyea chini ya mbavu kila anapovuta hewa, na mtoto anaguna kila anapoitoa. Mguno huo huwaliza wazazi, nao kweli ni dalili ya shida, ila una kazi yake. Mtoto hulibana koo kidogo anapotoa pumzi ili hewa isitoke yote na vifuko visifunge. Anafanya kwa koo kile ambacho mpuliza puto hufanya kwa vidole.

Kuupata ukweli huu kulichukua miaka. Mwaka 1957 John Clements, akiwa kwenye maabara ya jeshi huko Maryland, Marekani, alipima kwa vifaa vya kujitengenezea jinsi majimaji ya mapafu yanavyolegeza mvutano pale uso wake unapobanwa. Daktari Mary Ellen Avery alikuwa ameona kwamba mapafu ya watoto waliokufa kwa ugonjwa huu hayana povu, tofauti na mapafu ya wengine. Mwaka 1959 yeye na Jere Mead walichapisha jawabu kutoka Boston: watoto hao walikuwa wamepungukiwa na safaktanti. Sababu ikajulikana, tiba bado. Tarehe 7 Agosti 1963 Patrick Bouvier Kennedy, mtoto wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati akiwa na uzito wa kilo 2.1. Alikimbizwa hospitalini Boston, akaingizwa kwenye chumba cha oksijeni yenye mgandamizo mkubwa, na akafariki tarehe 9 akiwa na umri wa saa 39. Baba yake alikuwa hospitalini humo. Mtoto wa uzito huo na umri huo leo, katika wodi yenye vifaa, mara nyingi hurudi nyumbani.

Mabadiliko makubwa yalitoka sehemu tatu. Huko Auckland, New Zealand, Graham Liggins na Ross Howie walionyesha mwaka 1972 kwamba mama anayekaribia kujifungua mapema akichomwa sindano ya dawa jamii ya steroidi, mapafu ya mtoto hupevuka kwa haraka akiwa bado tumboni. Sindano hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akizaliwa baada ya siku moja na kabla ya siku saba kupita. Huko Japani, Tetsuro Fujiwara na wenzake waliripoti mwaka 1980 kwamba waliwamiminia watoto kumi safaktanti iliyotokana na mapafu ya ng'ombe moja kwa moja kwenye njia ya hewa, na hali zao zikabadilika ndani ya saa chache. Dawa ya aina hiyo, ya ng'ombe au ya nguruwe, sasa hutumika duniani, ingawa bei yake bado iko mbali na hospitali nyingi za Afrika Mashariki.

Sehemu ya tatu ni rahisi kuliko zote, na mzazi anaweza kuitazama ikifanya kazi. Mwaka 1971 George Gregory na wenzake wa San Francisco waliripoti kwamba waliwapa watoto 20 hewa yenye mgandamizo usiokatika, ili mapafu yasifunge mwisho wa pumzi, na 16 kati yao wakapona. Katika wodi nyingi za Kiafrika kazi hiyo hufanywa kwa chupa ya maji. Hewa iliyochanganywa na oksijeni hupita kwenye vijimirija viwili vifupi vilivyoingizwa puani, na mrija wa upande wa pili umezamishwa kwenye chupa. Ukizamishwa sentimita sita, hewa haitoki mpaka ishinde maji ya kina cha sentimita sita, na huo ndio mgandamizo unaobaki ndani ya kifua cha mtoto. Maji yakitokota mapovu mfululizo, mambo ni sawa. Mapovu yakikoma, hewa inavuja mahali: kijimirija kimechomoka puani, au mdomo wa mtoto uko wazi. Mama aliyekaa hapo siku mbili huligundua hilo mapema kama muuguzi, na ni haki yake kuelezwa chupa hiyo ni ya nini. Huko Blantyre, Malawi, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kati ya watoto wenye shida kubwa ya kupumua waliotumia chupa ya mapovu waliishi asilimia 71, dhidi ya asilimia 44 ya waliopewa oksijeni pekee.

Mapafu yakitulia, hubaki ubongo kusahau kupumua. Njiti anaweza kukaa sekunde 20 au zaidi bila kuvuta hewa, mapigo ya moyo yakashuka na monita ikapiga kelele. Muuguzi husugua nyayo za mtoto, naye hushtuka na kuendelea. Hupewa pia kafeini, ileile iliyomo kwenye chai na kahawa, kwa kipimo, ili kuamsha sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi. Vipindi hivyo kwa wengi hukoma karibu na wiki ya 36 ikihesabiwa tangu mimba.

Baada ya hapo gumzo la wodini ni gramu. Asubuhi mtoto huvuliwa nepi na kulazwa kwenye mizani, na mama huisoma tarakimu kabla muuguzi hajaiandika. Wiki ya kwanza uzito hupungua, hata kufikia sehemu moja ya kumi, kwa sababu mwili unatoa maji ya ziada. Hapo hakuna aliyekosea kulisha. Mara nyingi uzito wa kuzaliwa hurudi ndani ya wiki mbili, kisha hutarajiwa ongezeko la gramu 15 au zaidi kwa kila kilo kwa siku, hivyo mtoto wa kilo 1.2 anatakiwa kuongeza walau gramu 18. Maziwa hupita kwenye mpira uliopitishwa puani au mdomoni, kwani kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio huanza kuwezekana karibu na wiki ya 32 hadi 34. Yanayofaa kuliko yote ni yale mama anayoyakamua mwenyewe, yawe matone machache ya rangi ya dhahabu, kwa kuwa huulinda utumbo usipate uvimbe unaoua tishu zake.

Joto nalo lina dawa isiyohitaji umeme. Mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Bogotá, Colombia, madaktari Edgar Rey na Héctor Martínez walianza kuwafunga njiti vifuani mwa mama zao kwa upungufu wa mashine za joto. Mtoto huvaa nepi, kofia na soksi, hulazwa wima kati ya matiti, ngozi kwa ngozi, na kitenge hufungwa juu yake. Baba naye anaweza kumbeba hivyo. Kwa miaka mingi njia hii ya kangaruu ilisubiri hadi mtoto atulie. Utafiti uliofanyika Tanzania, Ghana, India, Malawi na Nigeria, ukachapishwa mwaka 2021, uliwaweka kifuani mara moja baada ya kuzaliwa watoto 3,211 au kuwasubirisha kama kawaida. Vifo vya mwezi wa kwanza vilikuwa asilimia 12.0 kwa waliobebwa mapema na 15.7 kwa wengine. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo ianze mara tu mtoto anapozaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Saa hizo hudai mzazi awepo, na ni jambo la kushukuru kwamba mwaka 2025 sheria za kazi za Tanzania zilirekebishwa kumwongezea likizo mama aliyejifungua njiti.

Ruhusa ya kurudi nyumbani hutolewa mtoto anapohifadhi joto lake, ananyonya au kunywa kwa kikombe, anaongeza uzito kila siku, na amepita siku kadhaa bila kusahau kupumua. Macho ya wale waliozaliwa wadogo sana hukaguliwa kuanzia wiki ya nne hivi, na tarehe hiyo haifai kuahirishwa. Kukaa, kutambaa na kusema huhesabiwa tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa, hadi afikishe miaka miwili: aliyewahi kwa miezi miwili, akiwa na miezi minane, hulinganishwa na wa miezi sita. Chanjo nyingi hufuata siku aliyozaliwa kweli.