Mche wa Mpunga Haungoji: Mashindano ya Vijana wa Nchi Jirani

Kila mkulima wa mpunga katika Ahero ajua ya kuwa mche una siku zake. Mbegu humwagwa kitaluni, na baada ya majuma matatu au manne miche hung'olewa ikapandikizwa majarubani. Mche uliokawia kitaluni waweza kupandwa vile vile, walakini hautoi machipukizi mengi, na mavuno yake huwa haba. Maji ya mashamba ya mradi wa Ahero, ulioanza kazi mwaka 1969, huvutwa kwa pampu za umeme kutoka Mto Nyando. Pampu zikisimama kwa sababu ya deni au ugomvi, mche hauulizi ni nani mwenye haki. Wakati wake hupita tu.

Habari ya vijana wa mpira ni kama hiyo, na watu wa Kisumu waliiona kwa macho yao. Tangu mwisho wa Novemba hadi mwanzo wa Desemba 2023, vijana wa chini ya miaka 18 kutoka nchi za Afrika Mashariki na Kati walikutana huko kushindania kombe. Uwanja wao mkubwa ulikuwa ule wa Jomo Kenyatta, Mamboleo, kwenye barabara ya kwenda Kakamega. Wakulima wengi wapajua mahali hapo tangu zamani, kwani ndipo palipokuwa na maonyesho ya kilimo. Uwanja huo mpya ulitumiwa kwa sherehe za Madaraka tarehe 1 Juni 2021. Kutoka Ahero hadi mji wa Kisumu ni kilomita zipatazo 25, hata mtu aliyemaliza kazi yake ya shamba asubuhi aliweza kwenda kutazama vijana wa mataifa wakicheza, kisha akarudi kulala kwake.

Uganda ndiyo iliyolichukua kombe, baada ya kuwashinda wenyeji Kenya katika mchezo wa mwisho. Kushindwa nyumbani ni jambo chungu. Hata hivyo, lililo kubwa zaidi ni kwamba vijana wa Kenya walikuwamo uwanjani, kwa kuwa mwaka mmoja kabla ya hapo hawakuruhusiwa kucheza na jirani yeyote.

Mashindano haya ya majirani yana umri mkubwa kuliko mengine yote ya namna yake katika Afrika. Yalianza Nairobi mwaka 1926, Kenya na Uganda zilipokutana kushindania Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni ya Uingereza yenye jina hilo. Kenya ilishinda mara hiyo ya kwanza, lakini katika miaka iliyofuata Uganda ililichukua kombe mara nyingi zaidi. Tanganyika ilijiunga mwaka 1945, na Unguja ikafuata. Mwaka 1967 kombe lilibadilishwa jina, na mwaka 1973 chama cha CECAFA kikaundwa rasmi. Sasa wanachama wake ni 12, na Zanzibar ingali ikicheza kwa jina lake yenyewe, ingawa haimo katika chama cha dunia, FIFA. Kutokana na shina hilo yamechipuka mashindano ya vijana: ya chini ya miaka 17, 18 na 20. Mengine ni mlango wa kwenda kucheza na Afrika nzima, kwani wanaofika fainali hupata nafasi katika mashindano ya bara.

Mlango huo ulifungwa kwa vijana wa Kenya mwaka 2022. Mnamo Novemba 2021 Serikali iliivunja kamati iliyoongoza chama cha mpira cha nchi, ikisema kwamba matumizi ya fedha yalikuwa na mashaka; viongozi wa chama wakakana, na kamati nyingine ikawekwa mahali pao. Sheria za FIFA haziruhusu serikali kushika uongozi wa chama cha mpira. Kwa hiyo Februari 2022 FIFA iliisimamisha Kenya, na haikuirudisha mpaka Novemba mwaka huo. Kama kila upande ulikuwa na hoja zake, hilo ni jambo la wakubwa. Wahenga walikwisha kusema kwamba wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo.

Katika miezi hiyo tisa majirani hawakungoja. Mashindano ya chini ya miaka 17 yalifanyika Ethiopia, na yale ya chini ya miaka 20 yakafanyika Sudan; yote mawili yakapita bila Kenya. Uganda na Sudan Kusini zikapata nafasi ya kwenda Misri mwaka 2023 katika mashindano ya Afrika ya chini ya miaka 20. Sudan Kusini ilikuwa nchi huru tangu 2011 tu, na mwanachama wa FIFA tangu 2012.

Mtu mzima aliyezuiliwa mwaka mmoja aweza kucheza mwaka unaofuata. Kijana hawezi, maana mashindano yake yamefungwa kwa umri. Yule aliyekuwa anatimiza miaka 20 mwaka 2022 alikuwa amekwisha kupita kipimo adhabu ilipoondolewa, na hapana hukumu wala msamaha uwezao kumrudishia mwaka wake. Mfano wake ni ule mche uliosahauliwa kitaluni.

Wale waliokuwa wadogo zaidi waliwahi. Oktoba 2024 Kenya ilifika fainali ya majirani ya chini ya miaka 20 mjini Dar es Salaam. Tanzania ilishinda kwa magoli mawili kwa moja, lakini nchi zote mbili zilipata nafasi ya kwenda mbele. Hivyo mwaka 2025, kwa mara ya kwanza katika historia yake, Kenya ilipeleka vijana wa umri huo katika mashindano ya Afrika, yaliyochezwa Misri. Walitolewa mapema, walakini walikuwa wamekwisha kuonana na Morocco, Tunisia na Nigeria uso kwa uso. Mafunzo ya namna hiyo hayapatikani kwa kusikiliza redio.

Mzazi aliye Ahero hana kiti katika mikutano ya chama cha mpira, lakini yako mambo yaliyo mikononi mwake. La kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Mtoto na aandikishwe mapema, tena kwa tarehe ya kweli. Katika mashindano ya chini ya miaka 17 wachezaji hupigwa picha ya mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine, na aliyedanganya umri huondolewa mbele ya wenzake. Tena kila mkubwa aingizwaye kwa hila humnyang'anya mdogo mmoja nafasi, na mdogo huyo huenda ni wa kijiji hicho hicho. La pili ni shule. Wachezaji wengi wa vijana huonekana kwanza katika michezo ya shule, ambayo hupanda kutoka kaunti ndogo hadi taifa na hadi Afrika Mashariki yote. Kijana aliyeacha masomo kwa ajili ya mpira amejifungia njia iliyo karibu naye kuliko zote.

Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilikabidhiwa kwa pamoja fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Viwanja vyaweza kujengwa na kupakwa rangi kwa fedha. Wachezaji hawajengwi hivyo. Huoteshwa mmoja mmoja, kila mmoja kwa majira yake. Wakulima wa bonde la Kano wamejua zamani kwamba ugomvi wa mfereji husuluhishwa kabla ya siku ya kupandikiza. Wanaoongoza mpira wangefanya vyema kujifunza kwao.